Kuchagua gitaa la umeme Mombasa: anza na shingo

Swali ninaloulizwa zaidi katika karakana yangu, na vijana kwa wazee, ni gitaa gani la umeme linalomfaa mtu ambaye hapigi kwa ujira wala hana bendi, bali hupiga nyumbani kwa mapenzi yake baada ya kazi. Wengi huja wakiwa wamekwisha kuamua kwa kuangalia jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa na rangi ya mwili wake, na wanachotaka kwangu ni uthibitisho tu. Mimi huwaomba waliweke jina kando kwa muda na kuishika shingo, kwa sababu katika kazi ya kutengeneza magitaa kwenye mji huu wa bahari nimeona kwamba shingo ndiyo inayoamua kama gitaa litapigwa au litatundikwa ukutani. Pikapu, yaani vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, hubadilishwa kwa saa moja, na funguo za kukazia nyuzi, soketi na vizungusho vya sauti hupatikana kwa bei ndogo, lakini shingo isiyokubaliana na mkono wako, au iliyopinda vibaya, haina dawa rahisi.

Jambo la kwanza kwenye shingo ni urefu wa uzi unaotetema, yaani kutoka kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho chini ya kichwa hadi kwenye daraja, kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Magitaa ya Fender, yaani Telecaster iliyopewa jina hilo mwaka 1951 na Stratocaster iliyotoka mwaka 1954, yana urefu wa milimita 648. Les Paul ya Gibson, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, ina takriban milimita 628. Tofauti hiyo ya sentimita 2 yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mkazo wa uzi huongezeka kwa mraba wa urefu wake, hivyo uzi uleule ukikazwa kwa sauti ileile utakuwa mgumu kwa karibu asilimia 6 zaidi kwenye gitaa refu. Anayependa kuzivuta nyuzi kwa kidole ili sauti ipande atalifurahia gitaa fupi, na anayetaka uzi unaorudisha pigo la haraka kwa usafi, kama ridhim ya benga inavyodai, mara nyingi hutulia zaidi kwenye lile refu.

Urefu huo huamua pia nafasi kati ya freti na freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini alirudi kwenye gitaa baada ya kuliacha tangu ujana wake, akaniambia, "Fundi, kidole cha nne hakifiki tena." Nikamwambia, "Mzee wangu, tusikilaumu kidole kabla hujalijaribu hili fupi." Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu milimita 97 kwenye gitaa la 648, na karibu milimita 94 kwenye la 628. Milimita 3 tu, lakini mkono wake ulizitambua mara moja, na kidole kikafika bila kiwiko kunyanyuka.

Unene wa shingo na upana wake juu, ambao kwa magitaa mengi ya umeme ni milimita 42 au 43, haviwezi kuchaguliwa kwa kusoma. Ni lazima ushike. Keti, weka gitaa pajani, shika kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), nyuzi zote zikibonyezwa kwa kidole cha shahada, kwa dakika nzima, kisha usikilize mahali maumivu yanapoanzia. Yakianzia kwenye msuli wa kidole gumba, huenda shingo hiyo ni nene au nyembamba mno kwako. Yakianzia kwenye ncha za vidole, huenda ni nyuzi tu zilizowekwa juu mno, na hilo hurekebishwa.

Mapenzi ya muziki wako nayo yanaelekeza shingo. Sisi wa Pwani tumekua na muziki wa dansi: Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, anahesabiwa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo wa gitaa la umeme nchini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walipiga hapa Mombasa kabla ya bendi yao, Simba Wanyika, kuhamia Nairobi. Katika muziki huo gitaa la solo halikai chini karibu na kichwa. Hupanda juu ya freti ya 12, likitembeza sauti mbili pamoja kwa muda mrefu, na pale panapounganika shingo na mwili ndipo mkono unapokwama. Kwa mtu anayetaka kupiga sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa huongoza dansi, kwa raha, nafikiri mwili uliokatwa pembe pande zote mbili, kama ule wa Stratocaster, una faida kubwa kuliko Les Paul, ambayo ina pembe moja tu, kiunganisho kinene, na mara nyingi uzito unaozidi kilo 4.

Halafu kuna hewa yetu, na hapa ndipo ushauri unaotolewa kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani unapopungukiwa. Watengenezaji wengi hupendekeza gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, ilhali hewa ya Mombasa hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na msimu wa kusi unapoingia na mvua zake, mbao hunywa maji zaidi. Shingo husogea. Gitaa lililokuwa laini mwezi Februari wakati wa kaskazi laweza kuanza kutoa mkwaruzo wa nyuzi kwenye freti mwezi Mei bila mtu kuligusa. Kinachotuokoa ni ule ufito wa chuma unaopita ndani ya shingo, trasi rodi, ambao hukazwa au kulegezwa kwa ufunguo ili shingo inyooke. Kwa hiyo gitaa ambalo trasi rodi yake imekazwa hadi mwisho, au imeganda kwa kutu, lisinunuliwe na mkazi wa Pwani hata likiwa la bei ya chee. Siku hizi kuna shingo za mbao za mepo (maple) zilizookwa kwenye tanuri hadi zikawa za rangi ya kahawia. Kuoka huko hupunguza uwezo wa mbao kunywa unyevu, na kama kuna nyongeza moja ya bei ambayo ningemwambia mtu wa Mombasa ailipe bila kusita, ni hiyo.

Chumvi ya baharini nayo hula kila chuma. Freti za kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, nazo hazishiki kutu jekundu, lakini hutoa ukungu wa kijani pembeni zinapoachwa na jasho. Freti za chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Vijiparafujo vya daraja ndivyo vinavyoumia mapema: vikiganda, huwezi tena kupandisha wala kushusha uzi mmojammoja, na gitaa la mtumba lililokaa miaka karibu na ufuo huwa na ugonjwa huo hata kama mwili wake unang'aa.

Sasa, ukiwa dukani au mbele ya muuzaji wa mtumba, usikimbilie kuliunganisha gitaa na amplifaya. Amplifaya yenye mwangwi mwingi huficha mengi. Liinue usawa wa jicho, utazame kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani kandokando ya uzi mnene, kisha kandokando ya uzi mwembamba, kama seremala anavyotazama ubao. Mistari hiyo miwili ipinde sawa. Upande mmoja ukinyooka na mwingine ukipinda, shingo imejisokota, na trasi rodi haisokotoi kwa kinyume, basi lirudishe kwa heshima. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, umwombe mwenzio atazame freti ya 7 au ya 8. Panatakiwa pawe na mwanya mdogo wa karibu robo milimita kati ya uzi na freti. Mwanya mkubwa kidogo, au kutokuwapo kabisa, si kasoro ya kukataa gitaa mradi trasi rodi inazunguka. Mwombe muuzaji aizungushe robo mzunguko mbele yako, na akikataa, bei ishuke au uondoke.

Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kazi hiyo inachosha, lakini sauti inayokufa ghafla kwenye freti ya 14 haitajulikana kwa kupiga wimbo unaoupenda. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikie ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze palepale na upige tena. Sauti hizo mbili zilingane. Zisipolingana na vijiparafujo vya daraja vinazunguka, ni kazi ndogo ya fundi. Visipozunguka, rudi kwenye aya ya chumvi.

Kwa wanaotafuta jina la Gibson kwa bei isiyoaminika, nataja alama chache. Kile kifuniko kidogo kichwani kinachofunika trasi rodi hushikiliwa kwa parafujo 2 kwenye Gibson halisi, na bandia nyingi huwa na 3. Ukikifungua, ndani ya halisi utaona nati ya shaba inayoshikwa kutoka nje, wakati bandia nyingi zina tundu la ufunguo wa pembe sita. Nimewaona watu waungwana wakipoteza akiba kwa sababu hawakutaka kumsumbua muuzaji kwa kufungua parafujo mbili.

Pikapu ninaziweka baada ya shingo, lakini hapa Mombasa zina suala lake. Pikapu ya koili moja, ile ya Telecaster na Stratocaster, ina sauti angavu inayopendeza sana katika benga na dansi, lakini hunasa mvumo wa umeme, ambao kwetu ni wa hezi 50. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa ardhini haupo au umekatika, na taa za mirija huongeza kelele. Pikapu ya hambaka, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, hutumia koili mbili zilizopangwa kwa kinyume ili mvumo wa moja uufute wa nyingine, na sauti yake ni nzito zaidi. Kabla hujachagua, omba kulijaribu gitaa kwenye nyumba utakayopigia. Mvumo ukipungua unapozigusa nyuzi, mwite fundi wa umeme aangalie waya wa ardhini, na mwambie fundi wa gitaa aangalie kama vyumba vya pikapu vimekingwa.

Kuhusu daraja, nasema kwa ufupi: kwa mpigaji wa nyumbani katika hewa hii, daraja lisilotikisika ndilo bora. Mkono wa tremolo, ule unaotikisa daraja ili sauti ipande na kushuka, hutegemea springi na kingo kali za chuma, vitu viwili ambavyo kutu huvianza mapema, na nyuzi hupoteza sauti kila mara.

Nikiulizwa majina, hutaja Yamaha Pacifica, mfululizo ulioanza mwaka 1990, hasa 112, kwa sababu ina urefu wa 648, pembe mbili, hambaka moja upande wa daraja na pikapu mbili za koili moja, hivyo mtu aweza kupiga rumba na muziki wa roki kwa gitaa moja, ingawa daraja lake lina mkono wa tremolo, ambao humwambia mnunuzi auondoe na springi zikazwe hadi daraja likalie mwili. Hutaja Squier, jina la Fender la bei nafuu tangu mwaka 1982, na hasa Telecaster zake zenye daraja tulivu. Hutaja Epiphone, ambayo Gibson iliinunua mwaka 1957, kwa anayetaka shingo fupi. Lakini nawaambia wanunuzi kwamba magitaa mawili ya jina moja na bei moja yaweza kuwa na shingo mbili tofauti, hivyo ukipata nafasi ya kushika matatu, shika yote matatu.

Wanaoagiza kutoka nje waingize kwenye hesabu ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine kabla ya kuifurahia bei ya mtandaoni. Ubao wa rozwudi, mti mgumu unaotumika sana juu ya shingo za magitaa, uliwapa watu hofu tangu Januari 2017, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipoanza kudai vibali kwa jamii nzima ya miti hiyo, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti hilo, isipokuwa za rozwudi ya Brazili. Gitaa lenyewe halina shida ya volti. Amplifaya inayo: ya Marekani imeundwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwenye 240 zetu bila transfoma itaungua.

Fedha zako usizimalize kwenye gitaa. Katika kila shilingi 10,000 ulizoziweka, ningetenga 2,000 kwa kazi ya fundi ya kuliweka sawa, nyuzi za akiba zilizopakwa utando wa kuzuia kutu, na begi lenye pedi, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani yake. Ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kisha lirudishe begini. Anayelala kwenye chumba chenye kiyoyozi asilitoe gitaa ghafla kwenye joto la nje: aliache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi, kwa sababu chuma baridi kikikutana na hewa yetu hutoa jasho, na jasho hilo huanzia kwenye vijiparafujo vya daraja.