Mkono Ulioumia: Tunayoambizana na Yaliyo Kweli

Hapa Kisumu na maeneo yanayotuzunguka, riziki ya wengi hutoka mikononi. Miwa ya Muhoroni na Chemelil hukatwa kwa panga, nyasi za ng'ombe hupitishwa kwenye mashine ya kukatia majani, samaki wa Dunga hupasuliwa kwa visu vikali, na vijana wengi wako kwenye bodaboda. Majeraha ya mikono basi tumeyazoea. Daktari atashona, atafunga plasta, pengine ataweka chuma, na nyumbani watasema mgonjwa amepona. Zinazosahaulika ni wiki zinazofuata. Mimi hufanya kazi ya kurejesha mikono, kazi ambayo kwenye hospitali zetu iko kwa watu wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) na wa OT (tiba ya kumrudisha mtu kwenye kazi zake za kila siku), na mingi ya mikono ninayoikuta imekakamaa ilikakamaa kwa sababu ya neno ambalo mgonjwa aliambiwa na mtu anayempenda. Maneno hayo ndiyo ninayotaka kuyajibu.

"Usiuguse, uache upumzike"

Huu ndio ushauri unaoharibu mikono mingi kuliko mwingine wowote ninaoujua. Mfupa uliovunjika unahitaji kutulia, hilo ni kweli. Lakini plasta ya mtu aliyevunjika karibu na kifundo cha mkono huishia kwenye mkunjo wa kiganja kwa makusudi, ili vidole vibaki huru. Daktari asipokuwa amekataza kwa sababu maalumu, vidole hivyo vinatakiwa kukunjwa hadi ngumi na kunyooshwa tangu siku ya kwanza, na kiwiko na bega visogezwe pia. Kiganja, vidole na kifundo vina jumla ya mifupa 27, na viungo vyake ni vidogo kiasi kwamba uvimbe wa kawaida tu unatosha kuvifunga. Maji ya uvimbe yakikaa siku nyingi huacha utando mgumu kati ya ngozi, kano (kamba zinazounga msuli na mfupa) na mfupa wenyewe, na baada ya wiki kadhaa vyote vimegandana. Ndiyo maana tunasisitiza mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo, ulale juu ya mito usiku, na pete itolewe mapema kabla kidole hakijavimba. Ukiuacha unaning'inia chini kwenye kitambaa cha shingoni mchana kutwa, uvimbe hautoki. Na mtu akikaa na kitambaa hicho mwezi mzima bila kulisogeza bega, bega nalo huganda.

Hata pale mkono mzima unapolazimika kufungwa, namna ya kuufunga ina uzito wake. Kwa majeraha mengi ya kiganja, kifundo hurudishwa nyuma kidogo, nyuzi (yaani digrii) 20 hadi 30, vidole vikakunjwa nyuzi 70 hadi 90 pale vinapoungana na kiganja, na viungo vya mbele vikanyooshwa. Wengi hushangaa kuona mkono umefungwa hivyo. Sababu ni kwamba ligamenti, yaani kamba zinazoshikanisha mfupa na mfupa, za viungo vinavyounga vidole na kiganja hulegea kidole kikinyooka. Zikikaa zimelegea wiki nyingi zinafupika, na hapo ngumi haifungiki tena.

Nakumbuka mama mmoja muuza samaki aliyetolewa plasta baada ya wiki sita. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeunga vizuri. Lakini kisu kilikuwa kinamtoka mkononi, maana vidole vilikuwa vinasimama nusu ya njia. "Daktari, si walisema nimepona?" Nikamjibu, "Mama, mfupa ndio uliopona." Kumbe kwa wiki zote hizo dada yake alikuwa anamlisha na kumvalisha, hata kikombe hamruhusu kushika. Alifanya hivyo kwa moyo safi. Ilituchukua miezi kurudisha ngumi ambayo angebaki nayo kama angesogeza vidole kidogo kila saa.

"Kano imeshashonwa, sasa ni nguvu zako tu"

Kuna wanaokosea kwa upande wa pili, na hawa huwa ni watu wa kazi ngumu. Kisu kinateleza, mtu anashika makali badala ya mpini, na kano za kukunjia vidole zinakatika. Ndani ya kidole, kano hupita kwenye mfereji mwembamba, kama waya wa breki ya baiskeli ndani ya kifuniko chake. Ukiishona na kuiacha imetulia kabisa, itashikana na kuta za mfereji na kidole hakitakunjika. Ukiivuta kwa nguvu mapema, itakatika. Sehemu kati ya kiganja na katikati ya kidole ilikuwa inaogopwa na madaktari wa upasuaji kiasi kwamba kwa miaka mingi walikuwa hawaishoni pale pale baada ya ajali. Katika miaka ya 1960, Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionyesha kuwa inawezekana kushona mapema, mradi kidole kianze kusogezwa kwa mpango. Walitumia mpira mwembamba uliofungwa kwenye ukucha: mgonjwa ananyoosha kidole mwenyewe, mpira unakirudisha, na kano inateleza bila kubeba mzigo.

Leo kuna njia zaidi ya hiyo, lakini msingi haujabadilika. Tunachukua bapa la plastiki maalumu, tunalitumbukiza kwenye maji ya moto mpaka linalegea, tunalifuta kwa taulo lisimuunguze mtu, kisha tunalilaza mgongoni mwa mkono kuanzia chini kidogo ya kiwiko hadi ncha za vidole. Lina dakika chache tu za kulegea, kwa hiyo mikono yangu haitulii: nakunja kifundo mbele kidogo, nabonyeza pale vidole vinapoanzia, nakata kingo kwa mkasi zisimchome, nasubiri ligande. Kisha tunafunga kanda. Pasipo na plastiki hiyo, plasta ya kawaida hutengenezwa kwa umbo lile lile na kazi inaenda. Kinga hiyo, splinti, huvaliwa usiku na mchana kwa takriban wiki sita, na mgonjwa hufanya mazoezi mafupi akiwa ndani yake, kila saa au kila saa mbili, kama alivyoonyeshwa.

Wiki ya nne ndiyo inayowaponza wengi. Kidonda kimefunga, maumivu yameisha, uvimbe umeshuka, na shambani wanamngoja. Anavua splinti, ananyanyua jerikeni ya lita 20, na kano inakatika. Mshono huwa dhaifu sana ndani ya wiki mbili tatu za kwanza, kisha huongezeka nguvu polepole, na mizigo mizito husubiri hadi karibu wiki ya 12. Nasema haya kwa msisitizo kwa sababu kushona mara ya pili ni kugumu zaidi, na mara nyingine inabidi kano itolewe mahali pengine mwilini. Mtu akiniambia hawezi kukaa miezi mitatu bila kukata miwa, namwelewa kabisa. Najua ada ya shule haingoji. Hapo ndipo tunakaa na mke wake au kaka yake tukaangalia kazi gani ya mkono mmoja anaweza kufanya kwa muda huo.

Kidole cha mlinda mlango kilichogongwa na mpira kikainama kwenye ncha nacho hudharauliwa sana. Kinafungwa kikiwa kimenyooka wiki sita hadi nane, na katika muda wote huo ncha isiachwe iiname hata mara moja, hata wakati wa kuosha. Ikiinama, hesabu inaanza upya.

"Mpira wa kufinya unatosha"

Hautoshi. Mpira unafundisha kufinya tu, wakati mkono uliokakamaa mara nyingi unahitaji kwanza kufunguka, na kano zinahitaji kuteleza moja moja. Kwa aliyeshonwa kano majuzi, mpira ni hatari. Usinunue kabla hujaambiwa.

"Bila maumivu hakuna kupona"

Kuvutwa kidogo wakati wa mazoezi ni kawaida. Maumivu makali yanayobaki masaa mengi baadaye, na mkono ukaamka asubuhi umevimba zaidi, ni dalili kwamba umezidisha. Kiwiko ndicho kinachoteswa zaidi. Kijana anaanguka na pikipiki, kiwiko kinakakamaa, halafu wajomba wawili wanamshika, mmoja begani, mwingine mkononi, na kukinyoosha kwa nguvu huku analia. Kiwiko kilichoumia kikilazimishwa hivyo kinaweza kuota mfupa ndani ya msuli, na hapo hakuna mazoezi yatakayokifungua. Kukanda kwa mafuta ya moto juu ya jeraha jipya ni hivyo hivyo. Kovu lililokwisha kufunga ndilo la kukandwa, taratibu, kwa mafuta ya kawaida tu, ili lisigande na kano iliyo chini yake.

Nisiwaseme vibaya wazee wanaounga mifupa vijijini, kwa sababu wengi wanaaminiwa na wako karibu kuliko hospitali. Lakini kila mtu na ajue dalili hizi: mtu amefungwa fito na bendeji, maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakufa ganzi au vinapoa au vinabadilika rangi, na akinyooshwa kidole anapiga kelele. Mfungueni mara moja na mkimbieni hospitali usiku huo huo. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya masaa machache tu. Plasta ya hospitali nayo inaweza kubana hivyo hivyo, kwa hiyo msione aibu kurudi nayo.

"Vidole vina ganzi, basi mshipa umekufa"

Watu huita kano, neva (nyaya za mwili zinazopeleka hisia na amri za ubongo) na njia za damu zote mishipa, na hapo ndipo tumaini linapopotelea. Neva iliyokatika na kushonwa vizuri huota tena, kwa kadiri ya milimita moja kwa siku. Ukikatwa kwenye kifundo, hadi ncha za vidole kuna sentimita 15 au zaidi, kwa hiyo ganzi ya miezi mitano au sita haina maana kwamba upasuaji umeshindwa. Bodaboda aliyevunjika mfupa wa juu ya kiwiko akakuta kifundo kimelala, hakiinuki, mara nyingi neva yake imevutwa tu bila kukatika, na wengi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa. Kazi yetu katika miezi hiyo ni kukiinua kifundo kwa splinti ili vidole viweze kushika vitu, na kuzuia viungo visigande huku tukisubiri neva ifike.

Ngozi yenye ganzi inahitaji ulinzi. Nimeona malengelenge makubwa kwenye vidole vya mtu aliyeshika sufuria na hakuhisi. Mpaka hisia zirudi, macho ndiyo yaulinde mkono: angalia kabla ya kushika, tumia kitambaa kinene jikoni, kagua vidole jioni. Hisia zikianza kurudi zinakuja zimevurugika, kwa sababu ubongo unapokea habari mpya usizozizoea. Hapo tunachukua bakuli tatu, moja ya maharagwe, moja ya mchele, moja ya mchanga, na ndani yake tunaficha sarafu, kifungo na ufunguo. Mgonjwa anafumba macho anatafuta, anataja alichoshika, kisha anafumbua kuhakikisha. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Vyote hivyo viko nyumbani kwake.

"Hiyo ni huduma ya watu wa Nairobi"

Hapana. Hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ile tunayoiita Russia, ina idara ya fizio na ya OT, na vivyo hivyo Kakamega, Nakuru na hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Hospitali nyingi za kaunti zina angalau mmoja wa wataalamu hawa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwandikia mgonjwa barua ya kumpeleka huko. Kabla ya kuondoka wodini uliza: nianze lini kusogeza, nisogeze nini, nisiguse nini, na nirudi kwa nani? Nauli ikiwa shida, sema wazi. Sehemu kubwa ya mazoezi hufanyika nyumbani, na tunaweza kupanga urudi kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, ilimradi umeonyeshwa vizuri na kuna mtu wa kukukumbusha.

Aliyeumia kazini, iwe kiwandani au kwenye shamba la mwajiri, ana Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Inamtaka mwajiri kubeba gharama za matibabu zinazostahili. Mwarifu mwajiri mara moja, uhifadhi risiti, na uende ofisi ya kazi iliyo karibu.

"Nimechelewa, haina haja"

Ni kweli kwamba miezi mitatu ya kwanza ina thamani kubwa kuliko inayofuata. Lakini kiungo kilichokakamaa miezi sita bado kinaweza kuongezewa nyuzi za kukunjika au kunyooka kwa splinti inayokivuta kidogo kidogo kwa masaa mengi, badala ya kukilazimisha dakika tano. Kano iliyogandana inaweza kufunguliwa kwa upasuaji, mazoezi yakaanza ndani ya siku chache. Neva ambayo haikurudi ina njia nyingine: daktari anahamisha kano ya msuli unaofanya kazi ili ifanye kazi ya ule uliopooza, na kisha tunamfundisha mtu kuitumia. Saa inayokimbia ni ya msuli wenyewe. Msuli uliokosa neva kwa muda wa mwaka hadi mwaka na nusu huwa mgumu kufufuka hata neva ikiufikia. Kwa hiyo kama kifundo chako kimelala tangu ajali ya miezi minne iliyopita na bado unangoja, njoo upimwe mwezi huu, na uje na picha za eksirei na kadi ya hospitali ulikofanyiwa upasuaji.