Siku moja Lisbon, na dhahabu iliyotoka Kilwa

Kazi yangu ni kuongoza wageni Kilwa Kisiwani. Nimevuka na mashua kutoka Kilwa Masoko mara nisizoweza kuhesabu, mgeni akiwa mbele yangu ameshika kofia isipeperuke, nami nikipima kimoyomoyo: leo tuanze na Gereza au tuanze na Msikiti Mkuu? Uamuzi huo mdogo ndio ziara yenyewe. Mgeni akianza na ngome, ataondoka akikumbuka Wareno na Waomani. Akianza msikitini, ataondoka akikumbuka mji uliokuwa ukiezeka kuba za matumbawe kabla Mreno hajaonekana baharini. Mawe ni yale yale.

Ndiyo maana nilipopata siku moja Lisbon nililipia ziara ya kuongozwa ya kutwa, ingawa ramani ilikuwa kwenye simu na vitabu vya mji ule nilikuwa nimevisoma. Nilitaka kusikia wenzangu wa kazi wanaanzia wapi. Tena nilikuwa na agizo. Mzee aliyenifundisha njia za Kisiwani, mtu aliyekijua kila kisima na kila kaburi, aliniambia kabla sijasafiri: "Mwanangu, ukifika huko katazame dhahabu yetu." Nitaifikia.

Kwanza niwajibu mnaoniuliza, hasa mlioko Ulaya kwa masomo au kazi, kama kuna haja ya kulipa mtu akutembeze mjini. Ipo. Mwongozaji mzuri anajua kivuli kinaangukia wapi saa tano asubuhi, kona gani sauti inasikika bila kupigana na magari, na njia ipi ya nyuma itakupandisha kilima bila kukumaliza pumzi. Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi ambavyo miguu ya watu imevisugua mpaka vinateleza. Vaa viatu vyenye soli inayoshika. Chagua kundi dogo; kwa uzoefu wangu, kundi likipita watu 15, wa nyuma wanalipia matembezi tu. Na hizo ziara zinazotangazwa kuwa za bure, elewa kwamba mara nyingi anayekuongoza hana mshahara wa siku hiyo, anategemea bakshishi yako. Umesikiliza saa tatu, umefaidika, toa kama ambavyo ungemlipa fundi aliyemaliza kazi.

Jambo jingine: usiende Jumatatu. Monasteri na makumbusho ninayoyasimulia hapa hufungwa siku hiyo.

Tulianzia Praça do Comércio, uwanja mkubwa unaotazama mto Tejo, na hapo dada aliyetuongoza alinionyesha kwamba anaijua kazi. Alitusimamisha kivulini chini ya tao, akatuambia tuutazame uwanja kana kwamba hauna kitu. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani asubuhi, ardhi ilitikisika. Mishumaa ya sikukuu na majiko ya nyumbani vikawasha moto uliowaka siku kadhaa. Waliokimbilia kando ya mto kukwepa kuta zilizokuwa zikiporomoka wakakutwa na tsunami ikipanda kutoka baharini. Kasri la mfalme lilikuwa hapo hapo tulipokuwa tumesimama, na likatoweka na maktaba yake. Kwa sisi wa Pwani kuna hasara ya ziada ambayo yeye hakuitaja: katika maangamizi hayo ziliteketea pia kumbukumbu za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Ureno katika bahari ya Hindi. Tunaposema kurasa nyingi za Kilwa, Mombasa na Sofala ya Msumbiji hazijulikani, baadhi zilikuwa majivu asubuhi ile.

Mitaa ya Baixa, nyuma ya uwanja, ilijengwa upya kwa amri ya waziri ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal. Imenyooka kama mistari ya daftari. Ila uzuri wake umo ndani ya kuta. Wahandisi wa kijeshi, mkubwa wao akiwa Manuel da Maia, waliweka ndani ya mawe kiunzi cha mbao chenye mihimili ya mshazari inayokatana, wakakiita gaiola, yaani kizimba cha ndege. Ardhi ikitikisika, mawe yanaweza kupasuka, lakini mbao zinacheza na kurudi. Chini ya nyumba walishindilia nguzo za msonobari kwenye udongo wenye maji, kwa sababu mti uliozama majini hauozi upesi. Wazungu niliokuwa nao kwenye kundi walishangaa. Mimi nilifikiria nyumba za fito na udongo za kwetu: udongo unajaza, fito zinashika. Aliyezikulia anaielewa gaiola bila kuchorewa.

Kutoka hapo tulipanda mtaa wa Alfama. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya chemchemi za maji moto. Kwa zaidi ya karne nne mji huu ulikuwa wa Waislamu, ukiitwa Al-Ushbuna, hadi mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques alipoutwaa akisaidiwa na wanajeshi wa msalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu. Kanisa Kuu lilianza kujengwa mara baada ya hapo, mahali ambapo inaaminika ulikuwa msikiti mkuu. Mwongozaji alituonyesha vigae vya rangi ukutani, azulejo, akasema neno lenyewe ni la Kiarabu. Hapo sikuweza kunyamaza. Niliomba ruhusa, nikawaambia kundi kwamba Mreno anasema açúcar nasi tunasema sukari, anasema azeitona nasi tunasema zeituni, kwa kuwa sote tulikopa duka moja. Kisha sisi tukamkopa yeye: meza, leso, bendera, mvinyo, parafujo. Na gereza, ambalo kwa Kireno ni igreja, kanisa. Kanisa lililokuwa ndani ya ngome lilitupa jina la ngome, na ngome ilipofungiwa watu, jina likabaki na wafungwa. Nimelifafanua neno hilo Kilwa kwa miaka, lakini kulisikia likitamkwa na mwanamke wa Lisbon akionyesha kanisa la mtaani kwake, la kusali tu, kulinisisimua mwili.

Ngome ya São Jorge ina mandhari nzuri na foleni ndefu. Kama muda ni mfupi, iache.

Karibu na Rossio kuna uwanja mdogo mbele ya kanisa la São Domingos, ambao kundi letu lilipewa dakika tano. Unastahili nusu saa. Jiwe la kumbukumbu la mviringo lililowekwa hapo mwaka 2008 linawakumbuka Wayahudi waliouawa na umati wa watu Aprili 1506. Kanisani kwenyewe, ambalo liliungua 1959 na likaachiwa makovu yake ya moto, palikuwa na udugu wa Waafrika wa Lisbon, watumwa na walioachiwa huru, chini ya Bikira Maria wa Rozari. Mpaka leo Waafrika wanakutana kwenye uwanja ule, wengi wakiwa wa Guinea-Bissau, akina mama wakiuza vitu vya kwao kwenye beseni na mifuko. Mimi nilibaki nyuma kusalimia. Ukitembea baadaye upande wa magharibi utaukuta mtaa uitwao Rua do Poço dos Negros, Shimo la Watu Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel wa Kwanza aliandika barua akiamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa bila kuzikwa vizuri. Ziara nyingi za kawaida hazifiki hapo. Zipo nyingine zinazosimulia Lisbon ya Waafrika peke yake, na kama una siku mbili, hiyo ndiyo ya siku ya pili.

Mchana tulikwenda Belém, na hapa ndipo hadithi ya mji na ya kwetu zinaposhikana. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya Manuel. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa zilizoletwa na meli kutoka Afrika na Mashariki, ushuru ambao watu waliuita wa pilipili manga. Simama uani uyatazame mawe. Wamechonga kamba za meli zikiwa zimefungwa mafundo, majani ya nchi za mbali, na tufe la pete, kielelezo cha kale cha anga, ambalo ndilo lilikuwa nembo ya mfalme. Ukipita mlangoni mwa kanisa, kaburi la Vasco da Gama liko upande mmoja na la mshairi Camões upande wa pili. Gama alifia Cochin, India, mwaka 1524. Mabaki yake yaliwekwa hapa 1880.

Mwongozaji alisimulia vizuri: Gama aliondoka Lisbon Julai 1497, akafika India Mei 1498. Katikati, kimya. Nilisubiri watu wapige picha, kisha nikamfuata faragha, maana mwongozaji hasahihishwi mbele ya wageni wake. Nikamwambia katikati pale tupo sisi. Mombasa alifika tarehe 7 Aprili 1498 wakashindwa kuaminiana. Malindi alifika tarehe 14, mfalme wa huko akampokea na kumpa rubani aliyezijua pepo za kusi na nyota za njia ya Calicut. Waliondoka tarehe 24, na chini ya mwezi mmoja wakaiona India. Vitabu vingi vinamtaja Ibn Majid, baharia Mwarabu, kuwa ndiye rubani. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali, wanaona yaelekea alikuwa mtu wa Gujarati. Awe nani, bahari ile ilikuwa na wenyewe. Nikamwambia pia kwamba ile nguzo ya Vasco da Gama iliyoko Malindi ina msalaba wa mawe ya Lisbon juu ya mwili wa matumbawe. Yule dada alitoa daftari akaandika. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Ziara iliishia hapo, saa tisa na nusu. Wengine walikwenda kupanga foleni ya vitumbua vya maziwa vya Belém, vinavyookwa hapo tangu 1837, na nawaambia ni vitamu. Mimi nilipanda tramu namba 15 kurudi upande wa mjini, nikashuka karibu na bandari, nikapanda ngazi hadi Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ambayo haikuwa kwenye ratiba yetu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu, safari hii na kundi kubwa la meli za vita. Alitia nanga Kilwa, akamtaka mtawala wa mji, Amir Ibrahim, alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji ungeteketezwa. Amir akalipa mithkali 1,500 za dhahabu, ambazo kwa vipimo vya leo ni kilo 6 au zaidi kidogo. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, ikapanda na majahazi hadi kwetu. Ilikuwa ndiyo uti wa mgongo wa mji. Kulipa hakukuuokoa: mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka na kuupora, akajenga ngome ambayo Wareno wenyewe waliiacha 1512.

Gama aliifikisha dhahabu Lisbon 1503. Manuel akaitoa itengenezewe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia, mkate uliobarikiwa, ndani yake ili waumini waiabudu. Kazi hiyo husemwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente. Katika wasia wake wa 1517 mfalme aliiachia monasteri ya Jerónimos, ile ile tuliyoitembelea mchana. Maana yake mgeni anaweza kusimama uani pale, akasikia habari za pilipili manga na kamba za mawe, asijue kwamba kitu cha thamani kuliko vyote kilichopewa nyumba hiyo kilitoka kwenye hazina ya Kilwa.

Chombo hicho ndicho nilichokifuata kwenye makumbusho yale. Kimo chake ni sentimita 73. Nilidhani kingekuwa kizito machoni, nikakuta chepesi kama kimesukwa. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka hostia, kila mmoja na sura yake, mavazi yao yana rangi zilizoyeyushiwa juu ya dhahabu. Kwenye shingo ya chombo yapo matufe sita ya mfalme. Chini, kwenye kitako, kuna ndege, maua na konokono, na ukingoni maandishi yanazunguka. Unalazimika kutembea ili uyasome. Nilianza upande usio sahihi, nikarudi, nikafuata herufi moja moja: mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu na kodi za Quiloa, kikamalizika 1506. Hawakuficha. Jina la mji wetu wamelichonga kwenye kitu chao kitakatifu, kwa tahajia yao, na neno kodi wameliweka kando yake.

Nilikaa pale mpaka mlinzi alipoanza kututazama kwa upole wa mtu anayetaka kufunga. Kabla ya kutoka nilipitia mapazia ya Kijapani ya ghorofani, yanayoonyesha meli ya Kireno ikifika Japani na mabaharia weusi wakipanda kamba za milingoti. Hayo nitayaandikia siku yake.

Nilimpelekea mzee picha. Aliishika mbali na macho, kisha karibu, akauliza maandishi yako wapi, nikamwekea kidole chake kwenye jina.

Sasa ninaanza ziara zangu na picha hiyo tukiwa bado kwenye mashua, kabla Gereza halijaonekana vizuri. Wageni huuliza kwanza kama ni kikubwa. Naweka kiganja kimoja kwenye ubao tuliokalia, na cha pili nakipandisha mpaka usawa wa kidevu changu.