Msaidizi wa daktari wa meno huanzia kwenye sinki

Kijana akija kuulizia mafunzo ya usaidizi wa kliniki ya meno hapa kwetu Arusha, mara nyingi hutaka kujua kwanza ni lini ataanza kung'oa. Hatang'oa. Kung'oa, kuchoma sindano ya ganzi na kuchonga jino ni kazi ya daktari, au ya tabibu wa kinywa na meno aliyesoma diploma ya miaka mitatu. Msaidizi ni mikono mingine miwili kando ya kiti. Cheti cha miezi michache hakimgeuzi mtu kuwa tabibu, na anayekuambia vinginevyo anakutafutia kesi.

Mafunzo yenyewe huanzia mahali pasipovutia: kwenye sinki. Koleo lililotoka kinywani husuguliwa kwa brashi na sabuni likiwa ndani ya maji, damu isije ikakurukia usoni. Damu ikikaukia kwenye chuma huvikinga vijidudu visifikiwe na mvuke. Baada ya kukaushwa na kufungwa, ndipo koleo huingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto: nyuzi joto 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3, na dakika hizo huhesabiwa joto likishafika, si tangu ulipobonyeza swichi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea kifurushi kwa fahari, mistari ya mkanda uliokifunga imeshakuwa myeusi. Nikamwambia akiguse kwa chini. Kilikuwa na unyevu. Mkanda ule husema tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto, hauthibitishi kwamba vijidudu vimekufa, na karatasi ya kifurushi ikilowa huvipa njia ya kuingia tena. Tukarudia, huku wagonjwa wawili wakisubiri kwenye benchi. Alinuna. Nilimwelewa.

Kabla hujagusa chochote, pata chanjo ya homa ya ini aina B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu inapotimia miezi sita tangu hiyo ya kwanza. Nilipoanza kazi nilifunika sindano kwa mikono miwili, nikajichoma kidole. Usiku ule sikulala. Siku hizi kifuniko hukiacha kwenye trei ukakichota kwa ncha ya sindano, kwa mkono mmoja, kisha sindano huenda moja kwa moja kwenye sanduku la vyenye ncha kali.

Namba za meno nazo huwasumbua wengi. Daktari akiita 36, ni gego kubwa la kwanza la chini, upande wa kushoto wa mgonjwa, si kushoto kwako wewe unayemtazama.

Kuhusu chuo, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla ya kulipa ada, kisha omba kuonyeshwa kiti na otoklevu vikifanya kazi. Wakikuzungusha, ondoka.

Halafu kuna somo la huku kwetu. Mama ataingia na mtoto mwenye meno ya kahawia, aliyesuguliwa kwa mkaa mpaka fizi zikatoka damu, akidhani ni uchafu. Msaidizi ndiye hukaa naye wakati daktari anavaa glovu. Mwamkie kwanza, akiwa mkubwa wako mpe shikamoo, na usimcheke. Mweleze kwamba rangi ile ilitokana na floridi nyingi, aina ya madini, katika maji aliyokunywa mtoto meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya, kuanzia uchangani hadi kama miaka minane. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru huvuka hapo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floridi hubaki pale pale. Magadi ya kuivishia maharage yanaweza kuiongeza. Maji ya mvua hayana shida hiyo, na kule Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu huichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Meno ya huyu aliyekaa kitini yameshajengeka, hayo ni ya daktari. Wewe muulize mama kama nyumbani ana mwingine mdogo, na anakunywa maji ya wapi.