"Mswahili" si mtu wa "siwa hili"

Kila ninapofundisha asili ya maneno, hakosekani wa kuniambia kwamba Mswahili maana yake ni mtu wa "siwa hili". Naelewa kwa nini maelezo hayo yanapendwa: siwa ni kisiwa kikubwa, upatanisho wa ngeli umekaa sawa, na jina linabaki letu tangu mwanzo. Ila maandishi yanakataa.

Tazama jina hili kwa hati ya Kiarabu: سواحلي. Mle katikati mna ح, ile h ya kooni. "Hili" lingeandikwa kwa ه nyepesi. Tena baada ya و imesimama alifu, inayovuta irabu: sawaa-. Katika matamshi tumeimeza a fupi ya mwanzo na kuufupisha mvuto huo, tukasema Mswahili badala ya Msawahili, lakini hati imeutunza mvuto.

Asili yake basi ni neno la Kiarabu sahil, yaani pwani. Wingi wake sawahil. Ile -i ya mwisho ni ya nisba, yaani ya kuonyesha mtu au kitu ni cha wapi, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika Mshirazi na Mzanzibari. Wenye lugha wakalivisha viambishi vyao: m- na wa- kwa watu, ki- kwa lugha, u- kwa utamaduni. Neno hilohilo la sahil ndilo lililoipa jina Sahel, kule kusini mwa Sahara: jangwa limefananishwa na bahari, na nchi inayopakana nalo ikawa ufuko wake.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika pwani hii mwaka 1331, anataja nchi ya Sawahil, na Mombasa anaiweka mbali nayo kwa safari ya siku mbili. Jambo hili hunivutia sana. Kwake Sawahil ilikuwa mahali, na Mombasa haikuhesabiwa ndani yake!

Hilo ni jina la mtu aliyekuwa chomboni, akitazama ufuko mrefu mbele yake. Waliokaa nchi kavu walijitambulisha kwa miji na visiwa vyao: huyu Mwamu (wa Lamu), yule Mpate, mwingine Mtumbatu, na lugha ikawa Kiamu, Kipate, Kitumbatu. Na kwa ufuko wenyewe walikuwa na neno lao la Kibantu, pwani, kutokana na kupwa: pale maji yanapojivuta, mchanga ukabaki wazi.