Chifu asiyefungamana na chama: maana yake nini?

Neno chifu lina maana zaidi ya moja, na tusipozitenganisha tutazungumza kila mtu na lake. Kenya, chifu ni mtumishi wa serikali: anaajiriwa, analipwa mshahara, anastaafu. Ninayemzungumzia hapa ni yule aliyezaliwa katika ukoo wa utawala na kutawazwa kwa mila. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu wa aina hiyo mwaka 1963. Ghana, Uganda na Zimbabwe zinawatambua katika katiba, na katiba zote tatu zinawakataza siasa za vyama.

Siasa za vyama si siasa zote. Chifu anayeidai serikali barabara, au anayepinga mgodi unaomeza mashamba ya watu wake, anafanya siasa, tena siasa nzuri. Kinachokatazwa ni kuingia chamani, kukipigia chama debe, kuwaelekeza watu pa kutia kura. Ghana, kwa kifungu cha 276, chifu anayetaka ubunge sharti kwanza aachie kigoda chake, au ngozi yake kama ni wa kaskazini, ambako chifu hukalia ngozi.

Mbona mkulima yeyote anaruhusiwa kuvaa fulana ya chama na chifu hapana? Kwa sababu chama mtu hukihama, lakini chifu wake hawezi kumhama. Zimbabwe ndiko jambo hili linakoonekana wazi kuliko kwingine. Chifu husimamia ardhi ya jumuiya na kuamua kesi za vijijini. Chini yake yuko sabhuku, mkuu wa kijiji. Kwa Kishona jina hilo maana yake ni mwenye kitabu, kwa kuwa enzi za ukoloni ndiye aliyeshika daftari la kodi. Siku hizi daftari lake ni orodha ya wanakijiji, na mbegu, mbolea au mahindi ya msaada yakifika, orodha ndiyo husomwa. Mfikirie mama mjane aliyesimama chini ya mti, gunia tupu begani, akisubiri jina lake liitwe. Ikiwa jana yake alimsikia mkuu huyohuyo akisema "kijiji hiki ni cha chama fulani", hahitaji kutishwa tena. Ameshaelewa.

Kifungu cha 281 cha katiba yao ya 2013 kiliandikwa kwa ajili ya mtu kama huyo mama. Kinamkataza kiongozi wa jadi kuwa mwanachama wa chama chochote, na pia kuendeleza maslahi ya chama. Mwaka 2017 Fortune Charumbira, rais wa Baraza la Machifu, alitamka hadharani kwamba machifu wataiunga mkono ZANU-PF, chama tawala. Alishtakiwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amevunja katiba na kumwamuru afute kauli yake.

Lakini mwaka huohuo, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Julai, serikali iligawia machifu pikapu mpya. Posho zao pia hutoka serikalini, na katiba ileile inawatengea viti 18 katika Seneti. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kidonda. Sheria inamwambia chifu asiegemee upande, na mkono unaomlisha unamvuta upande mmoja.

Wapo wanaojibu kwamba kuiunga mkono serikali iliyopo ndiyo mila yenyewe. Sikubaliani nao hata kidogo. Chifu kumtii anayemlipa ni mazoea ya ukoloni: serikali ya wazungu ndiyo iliyompa mshahara na kumwondoa alipokaidi. Kabla ya hapo aliwajibika kwa ukoo wake, kwa wazee waliomtawaza, na kwa watu waliokuja barazani kwake na mashauri yao: ng'ombe aliyeingia shambani, mpaka uliosogezwa usiku.