Kabla mradi wa maji haujafunguliwa, tuulize nani atalipa umeme

Fedha za nje zimejenga sehemu kubwa ya mtandao wa maji Zanzibar. Finland ilikuwepo tangu miaka ya 1990, ikaja Japani, ikaja Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mwaka 2016 India ikakubali kutukopesha dola milioni 92. Nyengine ni ruzuku, nyengine ni deni letu sote.

Mfadhili hugharamia kuchimba kisima, mota, tangi na mabomba. Bili ya umeme ya kila mwezi hubaki kwetu, na hapo ndipo miradi mingi inapokwama. Visiwa vyetu havina mto mkubwa. Karibu maji yote yako chini ya ardhi na lazima yapandishwe kwa pampu. Disemba 2009 waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara uliharibika, Unguja ikakaa gizani takriban miezi mitatu. Pampu zilikuwa nzima, mifereji ikakauka, watu wakabeba madumu. Kwa hivyo waya wa Pemba uliotoka Tanga mwaka 2010 kwa fedha za Norway, na ule mpya wa Unguja wa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani, ulisaidia maji pia, ingawa haukuhesabiwa kuwa mradi wa maji.

Kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi maji yalikuwa bure. Sheria ya Maji ya 2006, iliyounda ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, ilifungua njia ya kuchangia. Najua mchango huo unauma pale mfereji unapotoa maji usiku tu. Lakini bila ya fedha hizo, mota ikiungua hakuna wa kununua nyengine.

Linalonitia hofu zaidi ni vyoo. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye nyufa, na karo la choo lisilo na sakafu huvujia humo hadi kwenye maji tunayochota. Kipindupindu cha 2015 na 2016 tunakikumbuka. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na penye nyufa kizidi hapo.

Mradi ukija shehiani, mwulizeni sheha na wahandisi: umeme utalipwa na nani, vipuri vitapatikana wapi, na makaro yakijaa, gari ya kunyonya itamwaga wapi?