Mawe ya figo na mkojo kuziba kwa watoto, tunayoambiana na ukweli wenyewe

Mwambie mtu mtoto wa miaka minne kakutwa na jiwe kwenye figo, anakukatalia hapohapo, eti huo ugonjwa wa watu wazima. Hapana jamani, hata mtoto wa miezi anapata. Mwaka 2008 kule China maziwa ya unga ya watoto yalitiwa melamini, kemikali ya kiwandani, ili kipimo kionyeshe protini nyingi, watoto karibu laki tatu wakaathirika, wengi wakakutwa na mawe na sita wakafa kwa hesabu ya serikali. Ile ilikuwa sumu, sawa, ila hata bila sumu watoto wanapata mawe: wengine wanakunywa maji kidogo na kula chumvi nyingi, wengine wana yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) zinazojirudia, wapo waliozaliwa na njia ya mkojo yenye kasoro mkojo ukawa unatuama, na wapo waliorithi, mfano mawe ya sistini (kijenzi cha protini kinachozidi kwenye mkojo). Ndo maana kwa mtoto daktari mzuri haishii kulitoa jiwe tu, anatafuta limetoka wapi, na anaweza akaagiza mkojo wote wa masaa 24 ukusanywe kwenye chombo. Inachosha, najua, lakini kusanyeni.

"Angekuwa na jiwe angeshika kiuno na kupiga kelele." Mkubwa labda. Mdogo anakwambia tumbo linauma, ukimuuliza wapi anagusa kitovu, anatapika, hataki kula, kesho yake anacheza, unampa dawa ya minyoo maisha yanaendelea. Angalia mkojo wake, ukiwa wa pinki au rangi ya chai ya rangi usisubiri. Na mtoto wa kiume ambaye mkojo unakatika katikati halafu anavutavuta uume wake akilia, huo sio mchezo mbaya, jiwe linaweza kuwa kwenye kibofu.

Sasa hili ndo linaloniudhi kuliko yote: "mbona anakojoa, atakuwaje ameziba?" Figo ziko mbili! Moja ikiziba nyingine inapiga kazi, mkojo unatoka kama kawaida na hata kipimo cha damu cha kreatinini, kinachopima kazi ya figo, kinaweza kurudi safi kabisa huku ile figo nyingine inaharibika taratibu. Halafu kuna kuziba nusu. Wapo watoto wa kiume wanaozaliwa na vijingozi ndani ya njia ya mkojo vinavyozuia kama vali, na huyu mama yake anaweza akasema anakojoa sana kwa sababu nepi imelowa muda wote, kumbe ni matone yanayochuruzika toka kwenye kibofu kilichojaa ambacho hakimwagiki chote. Mvue nepi umwangalie. Mkojo unaruka au unadondoka? Anakaza tumbo, anakuwa mwekundu usoni kabla haujatoka? Chini ya kitovu pamevimba hata baada ya kukojoa? Dakika mbili za kuangalia hivyo zinamsaidia daktari sana.

Kuna na sehemu nyingine inayobana, pale figo inapoungana na mrija wa kuteremsha mkojo. Maumivu ya hapo yanakuja na kuondoka, mara nyingi mtoto akishakunywa vinywaji vingi, anatapika kisha anapoa, mnafika hospitali kapona mnaonekana waongo. Akipigwa altrasaundi wakati anaumwa ndo inaonekana vizuri zaidi.

Upande wa pili wapo wanaopaniki mapema mno. Mjamzito anaambiwa figo ya mtoto imejaa maji, tayari familia nzima inalia eti atazaliwa apasuliwe. Nyingi ya hizo zinaisha zenyewe, kinachotakiwa ni kumfuatilia. Na msishangae mkiambiwa altrasaundi isubiri siku kadhaa baada ya kuzaliwa, siku mbili za kwanza kichanga anatengeneza mkojo kidogo na tatizo linaweza kujificha. Ila akiwa wa kiume na figo zote mbili zimejaa, huyo hasubirishwi.

Maziwa. Watu wakisikia jiwe ni la kalsiamu wanamkatia mtoto maziwa, kumbe kalsiamu ya kwenye chakula inaikamata oksaleti (kitu cha kwenye vyakula kinachoungana na kalsiamu kuwa jiwe) tumboni ikatoka na choo badala ya kwenda figoni. Punguzeni chumvi, ndo inayosukuma kalsiamu kwenye mkojo. Na vidonge vya vitamini C na D mnavyompa kwa kukisia acheni.

"Mpe maji mengi litoke." Maji yanazuia jiwe jipya, kweli, na jiwe dogo chini ya milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe akipewa dawa ya maumivu, lakini kumshindilia jagi zima huku anajikunja kwa maumivu hakulisukumi. Dawa za kienyeji za kusafisha figo ndo kabisaa usithubutu. Na akiwa na homa pamoja na kuziba, hiyo ni dharura ya leoleo, usaha umefungiwa ndani, antibayotiki peke yake haitoshi, lazima atolewe mkojo kwa mrija unaopitishwa kwenye kibofu au mgongoni.

Mkiwa mnasubiri litoke, mkojozeni mtoto kwenye chujio. Hicho kichembe kama mchanga mkubwa kiwekeni kwenye kichupa kikavu mpeleke maabara, aina ya jiwe ndo inaamua matibabu.

Kupasuliwa tumbo siku hizi ni nadra palipo na vifaa, kuna mawimbi ya kulivunja kutokea nje, kuna kamera nyembamba, kuna tundu dogo la mgongoni, na vyote vinafanyika kwa watoto. Likitoka msiseme limeisha, mtoto aliyepata jiwe anaweza kupata tena, kwa hiyo kliniki aendelee kwenda, chupa ya maji iende naye shule, na mwulizeni kama anabana mkojo mpaka afike nyumbani kwa sababu vyoo vya shule ni vichafu, wengi wanafanya hivyo na hawasemi.